Majibu ya Mgonjwa Yasiachwe Katika Sanduku la Mtu Mmoja

Zamani barua ya rufaa ilipofika hospitalini haikwenda moja kwa moja mikononi mwa daktari. Ilipita masijala. Karani aliigonga mhuri wa tarehe, akaiandikisha katika daftari la barua zinazoingia, akaipa namba ya folio na kuifunga ndani ya jalada la mgonjwa. Barua hiyo iliweza kuliwa na mchwa, kulowa mvua au kuwekwa katika jalada lisilo lake, na yote hayo yalitokea. Lakini haikuwezekana mtu mmoja aliyechoka, akiwa amesimama ndani ya daladala, aiangamize kwa kugusa kioo kwa kidole gumba. Leo barua hiyohiyo, pamoja na majibu ya patholojia, picha za mionzi na ushauri wa daktari bingwa aliye mbali, hufika katika sanduku la barua pepe la mtumishi mmoja, mara nyingi sanduku lake binafsi, wala hapana karani ajuaye kwamba imefika.

Ujumbe unaobeba taarifa za tiba ni sehemu ya jalada la mgonjwa, na kuutunza ni wajibu wa kituo kilichompokea mgonjwa. Wajibu huo hauwezi kuachiwa bahati na uangalifu wa mtu aliyetokea kuupokea. Kuwafundisha watu namna ya kurejesha ujumbe uliofutwa ni jambo jema, na makala haya yataeleza namna hiyo. Hata hivyo, hospitali inayotegemea urejeshaji kuwa ndiyo kinga yake inafanana na wodi yenye mashine ya kushtua moyo lakini isiyopima shinikizo la damu.

Na ichukuliwe hali hii, ambayo mtumishi yeyote wa afya ataitambua. Mwanamke amechukuliwa kinyama cha titi katika hospitali ya mkoa. Sampuli imesafirishwa hadi maabara ya patholojia katika mji mwingine, na baada ya majuma kadhaa majibu yametumwa kwa barua pepe kwa daktari wa mafunzo kazini aliyeijaza fomu. Daktari ameyasoma, amekusudia kuyachapa, kisha ameitwa chumba cha upasuaji. Siku chache baadaye sanduku lake linamwonya kuwa nafasi imejaa. Google humpa mtumiaji wa kawaida GB 15 tu bila malipo, nazo hugawanywa baina ya barua pepe, picha na mafaili mengine. Anachagua barua zenye viambatisho vikubwa, anazifuta, kisha analisafisha na tupio ili nafasi ipatikane mara moja. Mgonjwa anaporudi, daktari huyo amekwisha kuhamia hospitali nyingine kuendelea na mafunzo, na jalada lina fomu ya maombi pekee.

Kilichopotea hapo ni zaidi ya jina la ugonjwa. Majibu kamili ya saratani ya titi hueleza daraja la uvimbe, vipokezi vya homoni na hali ya HER2, na kwa taarifa hizo ndipo huamuliwa kama mgonjwa atafaidika na vidonge vya kuzuia homoni, na kama dawa inayolenga HER2 ina maana kwake. Bila karatasi hiyo daktari mpya ana njia mbili: kuitafuta nakala au kuanza upya. Kuanza upya ni sindano nyingine, nauli nyingine, majuma mengine ya kungoja, na uvimbe haungoji. Maabara nyingi hutunza vipande vya nta vyenye sampuli pamoja na vioo vyake, hivyo mara nyingi lipo tumaini; lakini tumaini hilo humhitaji mtu anayejua namba ya sampuli, nayo namba ilikuwa ndani ya ujumbe uliofutwa.

Wapo wanaoona kwamba barua pepe ni chombo cha mazungumzo mepesi, na kwamba kuipa uzito wa kumbukumbu za tiba ni kukuza mambo. Historia haiwaungi mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la SatelLife, lililoasisiwa na daktari wa moyo Bernard Lown, liliendesha mtandao wa HealthNet uliowafikishia madaktari wa Afrika, wa Tanzania wakiwemo, barua pepe na machapisho ya tiba kwa kutumia satelaiti ndogo na baadaye simu za kawaida. Mwaka 1999 shirika la hisani la Swinfen la Uingereza lilianza kuiunganisha hospitali ya waliopooza nchini Bangladesh na madaktari bingwa wa ng'ambo. Vifaa vilikuwa kamera ya dijitali na barua pepe, basi. Na tarehe 10 Februari 2003 huduma ya ProMED, inayosambaza habari za milipuko kwa barua pepe, ilituma swali la daktari mmoja wa Marekani aliyesikia tetesi za ugonjwa na vifo katika mji wa Guangzhou, China. Ugonjwa huo baadaye ulipewa jina la SARS. Ujumbe mfupi wa namna hiyo ulihesabika miongoni mwa dalili za mwanzo zilizoufikia ulimwengu wa tiba, na hadi leo husomwa kwa sababu ulitunzwa mahali pasipo pa mtu mmoja.

Sasa kuhusu kufuta kwenyewe. Neno hili huwapotosha watu, kwa kuwa ujumbe uliofutwa haupotei kwa mkupuo mmoja. Hupita hatua, na katika kila hatua nafasi ya kuurejesha hupungua.

Hatua ya kwanza si kufuta kabisa, ingawa wengi hudhani hivyo. Katika programu ya Gmail ya simu, mtu akitelezesha kidole juu ya ujumbe, kwa mpangilio wa kawaida ujumbe huondoka katika kikasha na kuhamia kumbukumbu, haufutwi. Hauonekani mbele, lakini upo katika orodha ya barua zote. Kwa hiyo kabla ya hofu, mtafutaji aandike jina la mtumaji, namba ya jalada au neno lolote analolikumbuka katika sehemu ya kutafutia, na aagize utafutaji upite barua zote, zikiwemo za tupio na barua taka. Majibu kadhaa yaliyodhaniwa kupotea hupatikana hapo, na mengine hupatikana katika barua taka kwa kuwa anwani ya maabara ilikuwa ngeni kwa mfumo.

Ikiwa ujumbe ulifutwa kweli, kituo kinachofuata ni tupio. Gmail huuhifadhi humo kwa siku 30. Yahoo, ambayo madaktari wengi wa makamo bado wanaishikilia kwa uaminifu usio na sababu dhahiri, hupokea maombi ya kurejesha barua zilizopotea ndani ya siku 7 tu zilizopita. Baada ya hapo ndipo tofauti ya anwani binafsi na anwani ya taasisi inapojitokeza, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko watumishi wanavyofahamu. Mwenye sanduku binafsi la Gmail aliyekwisha kusafisha tupio hana ahadi yoyote ya kurejeshewa. Lakini taasisi inayotumia huduma ya kulipia ya Google ina msimamizi wa mfumo anayeweza kuurejesha ujumbe kwa siku 25 zaidi tangu ulipoondoka katika tupio. Katika huduma ya Microsoft kwa taasisi, ujumbe ulioondolewa hata katika tupio hukaa kwa kawaida siku 14 katika sehemu ya vitu vinavyoweza kurejeshwa, na msimamizi anaweza kuurefusha muda huo hadi siku 30. Daktari aliyegundua kosa lake siku ya kumi, akamwarifu ofisa TEHAMA siku hiyohiyo, hupata majibu yake. Aliyeona haya akanyamaza mwezi mzima huyakosa. Aibu ya kukiri kwamba umefuta kitu imepoteza barua nyingi kuliko hitilafu za mitambo, na wakuu wa idara wanaowakaripia vijana kwa makosa ya namna hii wajue kwamba wanawafundisha kunyamaza.

Wale wanaotumia programu zinazohifadhi barua ndani ya kompyuta yenyewe wana njia nyingine. Thunderbird, kwa mfano, haiondoi mara moja maneno ya ujumbe uliofutwa kutoka katika faili lake. Huuwekea alama tu, hadi mtumiaji au programu yenyewe itakapolibana faili hilo kuokoa nafasi. Mpaka hapo fundi anaweza kuutoa. Sharti ni moja: kompyuta iachwe kutumika. Kila barua mpya inayoshuka na kila programu inayosakinishwa huweza kuandikwa juu ya kile kinachotafutwa. Katika diski za kisasa zisizo na sehemu zinazozunguka, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu diski hizo zina utaratibu wa kufagia nafasi iliyoachwa wazi bila kumngoja mtu. Fundi wa mtaani anayeahidi kurejesha kila kitu kwa bei nafuu anaahidi asichoweza. Isitoshe, anakabidhiwa kompyuta yenye siri za wagonjwa.

Ipo njia moja iliyo rahisi kuliko zote, nayo husahaulika kwa kuwa haina ufundi. Barua pepe ina pande mbili. Aliyetuma ana nakala yake katika barua zilizotumwa, na kila aliyenakiliwa anayo ya kwake. Simu moja kwa katibu wa maabara huweza kufanya kazi ambayo programu za urejeshaji hazikuiweza.

Kinachowaangusha hata watu makini ni dhana kwamba kuwa na barua katika simu, kompyuta mpakato na kompyuta ya ofisini ni kuwa na nakala tatu. Sivyo. Katika mifumo mingi ya leo vifaa hivyo vitatu ni madirisha matatu ya chumba kimoja. Barua iko katika seva. Kila kifaa huionyesha. Ukiifuta katika simu, seva huitii amri, na kompyuta mbili zilizobaki huiondoa punde zinapoungana na intaneti. Mtindo wa zamani, ambao ulishusha barua katika kompyuta moja na kuiondoa katika seva, ulikuwa na hatari iliyo kinyume: barua ilibaki katika kifaa kimoja tu, na kifaa kikiibwa kila kitu kilikwenda nacho. Katika mitindo yote miwili nakala ni moja. Nakala rudufu ni ile ambayo haitii amri iliyotolewa kwa nakala ya kwanza.

Jambo hili lilidhihirika mwishoni mwa Februari 2011, watumiaji kadhaa wa Gmail walipofungua masanduku yao na kuyakuta matupu. Google ilieleza kwamba waliokumbwa walikuwa takriban asilimia 0.02 ya watumiaji, na kwamba chanzo kilikuwa kasoro katika programu mpya ya kuhifadhia data. Kampuni hiyo ilikuwa na nakala za barua katika vituo kadhaa, lakini nakala hizo ziliungana na mfumo uleule, hivyo kasoro ilizifikia. Kilichowaokoa watumiaji ni kanda za sumaku, teknolojia ambayo vijana wengi wa TEHAMA huidharau, zilizokuwa zimewekwa pembeni bila kuunganishwa na chochote. Kurejesha kutoka katika kanda kulichukua muda mrefu kuliko kuhamisha data baina ya vituo, lakini barua zilirudi.

Upande wa pili wa fundisho hilo ulionekana Ireland. Tarehe 14 Mei 2021 huduma ya afya ya umma ya nchi hiyo ilishambuliwa na wahalifu waliofunga data na kudai fidia. Mifumo yote ilizimwa kwa tahadhari, barua pepe ikiwemo, na watumishi wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Siku chache baadaye wahalifu wenyewe walitoa ufunguo bila kulipwa. Ripoti huru iliyotolewa Desemba mwaka huo ilisema wazi kwamba haijulikani ni data kiasi gani ingepotea moja kwa moja kama ufunguo usingepatikana, kwa kuwa nakala rudufu zilikuwa zikipelekwa katika kanda zilizotengwa kwa vipindi tu. Nchi tajiri, yenye wataalamu na fedha, iliokolewa na hiari ya wezi. Hospitali ya wilaya isitegemee bahati ya namna hiyo.

Yote yaliyosemwa hadi hapa yamemhusu mtumishi. Mgonjwa ana shida zake, nazo hazizungumzwi vya kutosha.

Wagonjwa wengi wanaoulizwa anwani ya barua pepe pale mapokezi hawana sanduku wanalolitawala wenyewe. Baadhi hutoa anwani ya mtoto anayesoma mjini. Baadhi hutoa ya duka la stesheneri la jirani, ambako fomu za ajira, maombi ya mikopo na majibu ya vipimo huingia katika sanduku moja linalosafishwa kila mara ili kupata nafasi. Kijana wa stesheneri hana kosa; hakuna aliyemwambia kwamba ameteuliwa kuwa masijala ya hospitali. Lakini majibu ya kipimo cha VVU au ya kinyama yaliyopita hapo yamesomwa na asiyehusika, kisha yamefutwa na asiyejua thamani yake.

Wengine wana sanduku bila kujua. Simu nyingi za Android huombwa akaunti ya Google zinapowashwa mara ya kwanza, na muuzaji wa simu, kwa nia ya kumsaidia mteja, humfungulia akaunti papo hapo kwa jina na nenosiri analolibuni. Mteja huondoka akiwa na simu inayofanya kazi na sanduku asilolijua ufunguo. Siku simu inapoharibika au kuibiwa, sanduku hubaki huko liliko, likiwa na barua zote za kliniki, na mwenyewe hawezi kuingia. Akitaka kubadili nenosiri, mfumo hutuma namba ya uthibitisho kwa laini iliyosajiliwa wakati ule. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa na baadaye hupewa mtu mwingine. Zaidi ya hayo, tangu Desemba 2023 Google imekuwa ikizifuta akaunti binafsi ambazo hazikutumika kwa miaka 2. Mgonjwa aliyemaliza tiba ya saratani na kuambiwa arudi kwa uchunguzi baada ya muda mrefu anaweza kukuta sanduku lenye historia yake limefutwa bila mtu yeyote kuligusa.

Kwa hiyo muuguzi wa mapokezi anapoandika anwani ya mgonjwa, na aulize maswali mawili zaidi: sanduku hili ni la nani, na nenosiri analijua nani? Jibu likiwa la kusitasita, majibu yatolewe kwa karatasi. Mgonjwa mwenye sanduku lake naye apakue kiambatisho, akihifadhi katika simu na mahali pengine pasipotegemea simu hiyo, na achapishe nakala moja ya kuweka pamoja na kadi ya kliniki. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti ibadilishwe siku ileile laini inapobadilika. Haya ni mambo ya dakika chache, na mahali pa kuyafundishia ni kliniki, pale ambapo tayari watu hufundishwa kunywa dawa kwa wakati.

Kurudi kwa taasisi, hatua ya kwanza haina gharama kubwa: majibu yasitumwe kwa anwani ya mtu, yatumwe kwa anwani ya idara. Sanduku la kliniki ya saratani linalofunguliwa na watu watatu wenye dhamana halihami daktari anapohama wala halistaafu muuguzi mfawidhi anapostaafu. Kwa taasisi za umma za Tanzania njia ipo, kwa kuwa Mamlaka ya Serikali Mtandao inasimamia mfumo wa barua pepe serikalini na watumishi hupewa anwani rasmi. Wanaoziacha anwani hizo na kurudi kwenye masanduku binafsi husema mfumo ni mzito au nafasi ni ndogo. Malalamiko hayo mara nyingine ni ya kweli na yanastahili kushughulikiwa na wenye mamlaka. Hayageuzi sanduku la binafsi kuwa mahali halali pa kutunzia siri za wagonjwa.

Hatua ya pili ni kuurudisha ule utaratibu wa masijala. Kila ujumbe wenye majibu au ushauri wa tiba uingizwe katika jalada siku unapofika: kwa kupakiwa katika mfumo wa kielektroniki wa hospitali pale ulipo, kama GoT-HoMIS katika vituo vingi vya umma, au kwa kuchapishwa na kupewa folio pale usipokuwepo. Vijana wamezoea kuwacheka wazee wanaochapisha barua pepe. Wazee hao, pengine bila kukusudia, walikuwa wakitengeneza nakala isiyotii amri ya kufuta. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 haikuandikwa kwa ajili ya karatasi peke yake, na ofisi ya umma inayoacha barua zake zifutwe na kila mtu kwa kadiri ya nafasi ya simu yake haiwezi kusema kwamba inatunza kumbukumbu.

Lipo jambo la watumishi wanaoondoka. Mara nyingi akaunti ya mtumishi hufungwa siku anapokabidhi ofisi, na kila mmoja huona kazi imekwisha. Katika huduma ya Google kwa taasisi, akaunti iliyofutwa huweza kurejeshwa ndani ya siku 20. Katika ile ya Microsoft, ndani ya siku 30. Baada ya hapo barua za miaka kumi ya kazi huondoka pamoja na mwenyewe. Orodha ya makabidhiano ina funguo, mihuri na kompyuta. Iwekwe na barua pepe humo, na akaunti isifutwe kabla mkuu wa idara hajathibitisha kwa saini kwamba zinazohusu wagonjwa zimehamishwa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya nakala nyingi latoka kwa watetezi wa faragha. Wanasema kila nakala ni mlango mwingine wa siri kuvuja, na wanasema kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2019. Flashi yenye barua za wagonjwa 400 iliyosahauliwa katika duka la kuchapishia ni balaa kubwa kuliko barua moja iliyofutwa. Hata hivyo, pingamizi hilo halithibitishi kwamba nakala zisiwepo. Linaonyesha nani asiachiwe kuzitengeneza. Daktari mmoja mmoja akiachwa ajitafutie namna, atatumia flashi, atajitumia barua katika sanduku la nyumbani, atapiga picha kioo cha kompyuta kwa simu yake. Taasisi ikitengeneza nakala yenyewe, itaifunga kwa usimbaji, itaiweka chini ya ufunguo, itajua ni nani aliyeifungua na lini. Isitoshe, kufuta nako ni sehemu ya kulinda faragha, lakini ni kule kunakofanywa kwa ratiba iliyoandikwa, baada ya muda uliowekwa, na mtu mwenye mamlaka ya kufanya hivyo. Kufuta kwa bahati mbaya hakumlindi mgonjwa yeyote.

Utengenezaji wa nakala wenyewe si jambo la siri kubwa. Google hutoa njia ya kupakua sanduku zima kama faili moja. Outlook huweza kuhamisha barua katika faili lake la kumbukumbu. Programu kama Thunderbird huweza kushusha barua zote za akaunti katika kompyuta, na faili hizo zikanakiliwa mahali pengine. Kanuni iliyozoeleka miongoni mwa watunza data ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa hospitali ya wilaya hilo lamaanisha seva au huduma ya mtandaoni inayotumika kila siku, diski ya nje iliyosimbwa inayounganishwa mara moja kwa juma kisha kuchomolewa na kufungiwa kabatini, na nakala ya tatu katika ofisi nyingine, labda ya halmashauri. Diski inayoachwa imechomekwa muda wote itafungwa na wahalifu pamoja na kompyuta, na radi ikipiga itaungua pamoja nayo.

Kisha inabaki kazi ambayo karibu kila mahali huachwa. Nakala hutengenezwa, taa ya kijani huwaka, ripoti huandikwa, na hakuna anayejaribu kuirejesha. Diski huharibika kimyakimya kabatini; nenosiri la usimbaji hukaa kichwani mwa ofisa aliyekwisha kuhama. Wodi huweka zamu ya kukagua sanduku la dawa za dharura, mtungi wa oksijeni na mashine ya kufyonza, kwa sababu uzoefu ulionyesha kwamba kifaa kisichojaribiwa hushindwa saa inapohitajika. Ukaguzi wa barua usiwe mgumu kuliko huo. Kila robo mwaka ofisa TEHAMA na mtunza kumbukumbu wachague wagonjwa kumi kutoka katika daftari la kliniki, watafute majibu yao ndani ya nakala iliyoko kabatini, si ndani ya sanduku linalotumika, na waandike ni mangapi yamefunguka na yalichukua muda gani. Namba hiyo ipelekwe kwa mganga mfawidhi katika kikao kilekile kinachopokea taarifa ya vifo na ya upungufu wa dawa.